Mashine za kupiga picha mapafu ya panya: bei ya ankara na gharama zinazojificha

SOMO LA WIKI

Julai 2025 kampuni ya dawa ya Merck ya Marekani ilitangaza kuwa inainunua Verona Pharma kwa takriban Dola bilioni 10. Sehemu kubwa ya thamani hiyo ilitokana na dawa moja tu, Ohtuvayre, iliyoidhinishwa Marekani Juni 2024 kwa watu wazima wenye ugonjwa sugu wa kuziba mapafu. Msomaji wa muda mrefu wa habari za masoko atakumbuka pia kuwa mwaka 2014 Roche ya Uswisi ilitoa Dola bilioni 8.3 kuinunua InterMune, ambayo mali yake kuu ilikuwa pirfenidoni, dawa ya ugonjwa wa makovu ya mapafu.

Biashara za ukubwa huo zimewafanya hata watu wasiowahi kuingia maabara waanze kufuatilia habari za mapafu. Sababu ipo. Kwa mujibu wa Shirika la Afya Duniani, ugonjwa sugu wa kuziba mapafu uliua watu milioni 3.5 mwaka 2021, na kati ya wanaokufa kwa ugonjwa huo kabla ya kufikisha miaka 70, karibu asilimia 90 wako katika nchi za kipato cha chini na cha kati. Huko, pamoja na sigara, kuna moshi wa kuni na mkaa wa kila siku jikoni. Wagonjwa ni wengi na dawa ni chache.

Hata hivyo kati ya wazo la mtaalamu na dawa iliyo dukani yuko panya. Dawa nyingi za mapafu hupimwa kwanza kwa panya wa maabara, na siku hizi panya huyo hupigwa picha akiwa hai. Mashine za kazi hiyo zina soko lake, lenye wauzaji wachache na wanunuzi wasiolipa kwa fedha zao wenyewe. Mwekezaji mdogo hukutana na soko hilo kwa njia mbili: ama anasoma tangazo kwamba kampuni imeuza mashine kwa chuo fulani, ama anasoma kwamba picha za panya zimeonyesha dawa inafanya kazi. Taarifa zote mbili huweza kupandisha hisa, na zote mbili zimewahi kuwatia watu hasara. Ndiyo maana inafaa kujua mashine hizo hununuliwaje.

KINACHONUNULIWA

Mashine inayotumika zaidi kwa mapafu ni CT ndogo, yaani CT ile ile ya hospitali iliyopunguzwa umbo na kuongezewa ukali wa picha. Hutumia eksirei na huzunguka mnyama, kisha kompyuta huunganisha picha mia kadhaa kuwa umbo moja linaloweza kukatwa vipande kwenye kioo bila kumgusa panya kwa kisu. Hesabu za kuunganisha picha hizo ambazo zimetumika sana tangu wakati huo zilichapishwa mwaka 1984 na watafiti watatu wa kampuni ya magari ya Ford, waliokuwa wakishughulika na ukaguzi wa vifaa bila kuvivunja. Teknolojia ya hospitali kuzaliwa karakana si jambo geni katika biashara hii.

Kazi yenyewe ni ngumu. Panya wa maabara ana uzito wa gramu 20 hadi 30. Mapafu yake yana ujazo wa takriban mililita moja, na vifuko vya hewa ndani yake vina upana usiofika mikroni 100, wakati vya binadamu ni karibu mikroni 200. Akiwa macho huvuta pumzi zaidi ya 100 kwa dakika. Kumpiga picha bila maandalizi ni sawa na kumpiga picha mtoto anayekimbia kwa kamera ya zamani: huonekana ukungu tu. Kwa hiyo mashine lazima ifuatishe pumzi, ichukue picha panya anapotoa hewa na isubiri anapoivuta, na panya mwenyewe awe amelazwa kwa dawa ya usingizi.

Faida yake kifedha inaonekana kwa hesabu rahisi. Mtafiti anataka kuona ugonjwa ukiendelea katika tarehe tano tofauti. Kwa njia ya zamani huua panya wanane kila tarehe ili akate mapafu na kuyaangalia kwa darubini, jumla panya 40. Akiwa na CT ndogo hupiga picha panya wale wale wanane mara tano. Si idadi tu inayopungua. Kila panya hulinganishwa na yeye mwenyewe wa wiki iliyopita, hivyo tofauti za kuzaliwa haziharibu hesabu. Kwa panya wanaovutishwa moshi wa sigara, ambao huhitaji takriban miezi sita kabla ya mapafu yao kuonyesha uharibifu unaopimika, akiba ya chakula, vizimba na mishahara ya watunzaji si ndogo.

MIKRONI ZA MUUZAJI

Karatasi ya matangazo ya mashine hizi huanza na namba moja: ukubwa wa kitone kidogo kabisa ambacho mashine inaweza kuonyesha. Muuzaji wa kwanza atasema mikroni 20, wa pili mikroni 10, wa tatu atashuka zaidi. Mnunuzi asiyezoea huchukua namba ndogo kuliko zote. Hapo ndipo wengi wameuziwa mbuzi kwenye gunia.

Namba hiyo mara nyingi hupatikana kwa kipande cha mfupa au pafu lililokaushwa, kitu kisichopumua na kisichojali mionzi. Kwa panya aliye hai kuna sheria ya fizikia isiyokubali punguzo. Ukitaka kupunguza upana wa kitone kwa nusu bila picha kuwa na chengachenga zaidi, mionzi inabidi iongezwe takriban mara 16. Panya mmoja akipigwa picha mara tano kwa kiwango hicho, mionzi yenyewe inaweza kuanza kumdhuru, na mapafu ni miongoni mwa viungo vinavyoota makovu kwa mionzi mingi. Mtafiti atajikuta anapima ugonjwa aliousababisha yeye mwenyewe kwa mashine aliyonunua kuutafiti.

Mnunuzi mzoefu haulizi mikroni peke yake. Anauliza mambo matatu kwa pamoja: ukali wa picha, dakika za kupiga picha moja, na kiasi cha mionzi, vyote katika picha ile ile ya panya hai anayepumua. Muuzaji akitoa namba tatu kutoka picha tatu tofauti, hapo hajajibu. Wanunuzi makini hupeleka panya wao wenyewe kwenye maonyesho ya mashine, mmoja mzima na mmoja mgonjwa, kisha huwapa picha hizo wataalamu wasiojua ipi ni ya nani. Kama hawawezi kutofautisha, ankara inarudishwa kwa mwenyewe.

Yapo pia mashine zisizofaa kwa kazi hii ingawa zina bei ya kuvutia. Mashine ya mawimbi ya sauti ni nzuri kwa moyo wa panya, na hutumika kupima upande wa kulia wa moyo pale shinikizo la damu kwenye mapafu linapopanda. Lakini mawimbi ya sauti hayapenyi hewa vizuri, na pafu zima limejaa hewa. Mashine ya sumaku, MRI, haina mionzi, ila hutegemea maji yaliyomo mwilini, na pafu lina maji kidogo, kwa hiyo huonekana jeusi mpaka panya avutishwe gesi maalumu.

NANI ANALIPA

Kwa Marekani, ambako soko hili limejengeka zaidi, mlango mkubwa ni mpango wa vifaa vya pamoja wa Taasisi za Taifa za Afya, NIH, ulioanza mwaka 1982. Kwa miaka mingi ruzuku yake ya kawaida ilikuwa kati ya Dola 50,000 na 600,000 kwa mashine moja, na kuna mlango wa pili wa mashine kubwa hadi Dola milioni 2. Mwombaji hawezi kuwa mtu mmoja. Lazima waonekane watumiaji wakuu wasiopungua watatu wenye ruzuku za utafiti, na chuo kiahidi kwa maandishi kuwa kitabeba uendeshaji wa mashine baada ya kununuliwa.

Sharti hilo la mwisho ndilo msomaji wa safu hii anapaswa kulitazama sana. Serikali inanunua gari, haitoi mafuta wala tairi.

Mwenye daladala anaelewa jambo hili bila kufundishwa. Bei ya gari ni mwanzo tu. Kinachomfilisi au kumtajirisha ni hesabu ya kila siku, vipuri, fundi, na siku ambazo gari limelala gereji. Chukuliwe mfano wa hesabu, usio wa mashine yoyote mahususi. Mashine imenunuliwa Dola 400,000 na itatumika miaka minane, hivyo uchakavu wake ni Dola 50,000 kwa mwaka. Mkataba wa matengenezo umewekwa asilimia 10 ya bei, Dola 40,000. Fundi mmoja anayejua kumlaza panya na kusoma picha analipwa Dola 60,000. Gesi, dawa ya usingizi na hifadhi ya kumbukumbu za kompyuta ni Dola 10,000. Jumla Dola 160,000 kwa mwaka. Mashine ikifanya kazi saa 1,600 kwa mwaka, kila saa inagharimu Dola 100. Ikifanya kazi saa 600, kila saa inafika karibu Dola 267. Kwa bei hiyo watafiti watakimbia, saa zitapungua tena, na bei itapanda tena.

Kuna kipengele kingine katika kanuni za fedha za Marekani ambacho wengi hawakitazami. Mashine ikinunuliwa kwa fedha za serikali kuu, chuo hakiruhusiwi kuingiza uchakavu wa sehemu hiyo ya bei katika ada inayotozwa watafiti wa miradi ya serikali. Katika mfano wa hapo juu gharama inashuka hadi Dola 110,000, na saa moja inakuwa chini ya Dola 70 kama mashine ina kazi ya kutosha. Watafiti wanafurahi. Lakini hakuna senti inayowekwa kando kwa ajili ya mashine ijayo. Miaka minane ikiisha chuo kinarudi tena NIH na kopo tupu. Maana yake kwa mwenye hisa za kampuni inayouza mashine ni kwamba mauzo ya kubadilisha mashine kuukuu hayategemei uchakavu wake, yanategemea bajeti inayopitishwa Washington.

Gharama za kumbukumbu za kompyuta zinastahili neno lake. Picha moja yenye vitone 1,000 kila upande, kwa upana, urefu na kina, ni vitone bilioni moja. Kila kitone kikichukua baiti mbili, picha moja ni gigabaiti 2 kabla ya kuhesabu picha ghafi zilizoijenga. Wale panya wanane kwa tarehe tano wameshafika gigabaiti 80, na huo ni mradi mmoja mdogo wa mtafiti mmoja. Mali bila daftari hupotea bila habari, na katika maabara daftari ni kompyuta yenye nafasi na mtu wa kuitunza.

Halafu kuna suala la chumba. Nyumba za panya wa utafiti huwa na eneo safi linalolindwa dhidi ya maradhi. Katika taasisi nyingi panya akishatoka nje ya eneo hilo haruhusiwi kurudi, asije akawaambukiza wengine. Mashine ikifungwa kwenye jengo la jirani kwa sababu huko ndiko kulikuwa na nafasi, panya atapigwa picha mara moja na safari yake imeishia hapo. Ile faida yote ya kumfuatilia panya mmoja kwa miezi inayeyuka, ingawa mashine ni nzima na inang'aa. Kosa hilo halionekani kwenye ankara wala kwenye mkataba. Linaonekana kwenye ramani ya jengo, ambayo mara nyingi kamati ya ununuzi huwa haijaiomba.

MASHINE MOJA, MAJINA MANNE

Soko hili limepitia kununuana kwingi. Mfano ulio wazi ni mashine za IVIS, ambazo si CT bali hupima mwanga unaotolewa na chembe hai ndani ya mnyama, na hutumika sana kufuatilia maambukizi na uvimbe. Aliyeinunua mwaka 2004 aliinunua kwa Xenogen, kampuni iliyoingia soko la hisa la Nasdaq mwaka huo huo. Mwaka 2006 Xenogen ikanunuliwa na Caliper. Mwaka 2011 Caliper ikanunuliwa na PerkinElmer kwa takriban Dola milioni 600. Mwaka 2023 PerkinElmer ikauza sehemu ya biashara zake pamoja na jina lenyewe, na sehemu iliyobaki, yenye IVIS, ikaitwa Revvity. Chini ya miaka 20, majina manne kwenye mlango mmoja.

Kwingine hali ni hiyo hiyo. SkyScan ya Ubelgiji, iliyojulikana kwa CT ndogo, iliingia Bruker mwaka 2012, na mwaka huo huo Bruker ikachukua pia biashara ya picha za wanyama wadogo ya Carestream. VisualSonics ya Toronto ilinunuliwa na SonoSite mwaka 2010, na SonoSite yenyewe ikamezwa na Fujifilm ya Japani mwaka 2012. MILabs ya Uholanzi ilikwenda Rigaku mwaka 2021, na Rigaku ikaorodheshwa Tokyo Oktoba 2024.

Kwa mnunuzi wa mashine, kila mabadiliko hayo ni hatari ya kubaki yatima. Mmiliki mpya hupenda kuuza mashine mpya kuliko kutengeneza vipuri vya zamani, na programu ya kompyuta iliyoandikwa kwa mashine ya miaka kumi iliyopita haifunguki kwenye kompyuta ya leo. Kwa sababu hiyo mkataba mzuri hutaja miaka ambayo vipuri vitapatikana, hudai mrithi yeyote wa muuzaji abanwe na ahadi hizo, na hutaka picha zihifadhiwe kwa mfumo unaosomwa na programu za wengine. Mnunuzi anayesaini bila vipengele hivyo ameweka miaka minane ya utafiti mikononi mwa mtu asiyemjua bado.

Kwa mwenye hisa, hadithi hiyo hiyo ina sura nyingine. Kampuni nyingi zilizobuni mashine hizi hazikubaki sokoni kwa majina yao. Zilimezwa. Faida kwa wawekezaji wa mwanzo ilikuja siku ya kununuliwa, na wenye hisa za kampuni iliyomeza wamebaki na kitengo kidogo ndani ya shirika kubwa, ambacho hakionekani hata kwenye taarifa ya robo mwaka. Anayenunua hisa za Fujifilm kwa ajili ya panya amenunua kitu kingine kabisa.

Ipo njia iliyopinda kidogo nayo ina mafunzo. Mhandisi Andreas Fouras wa Chuo Kikuu cha Monash, Australia, na wenzake walipima mwendo wa mapafu ya panya kwa eksirei zenye nguvu za kituo cha SPring-8 cha Japani. Badala ya kutafuta umbo la pafu walifuatilia jinsi kila sehemu yake inavyotembea hewa inapoingia. Kutokana na kazi hiyo ilizaliwa kampuni ambayo leo inaitwa 4DMedical. Iliruhusiwa kuuza huduma yake kwa hospitali za Marekani Mei 2020 na ikaorodheshwa soko la hisa la Australia Agosti mwaka huo. Inayo pia mashine ya wanyama wadogo, lakini mapato yanayotazamwa na soko ni yale ya hospitali. Panya alikuwa ngazi.

GESI ILIPOADIMIKA

Kabla ya kuacha habari za gharama, wafanyabiashara wa bidhaa watapenda kisa cha heli-3. Ilitajwa hapo juu kuwa MRI haioni pafu bila gesi maalumu. Kwa miaka mingi gesi hiyo ilikuwa heli-3, ambayo hupatikana hasa kutokana na tritiamu iliyotengenezwa kwa ajili ya silaha za nyuklia. Hakuna mgodi wake wala kiwanda chake cha kawaida. Baada ya mashambulizi ya mwaka 2001 Marekani ilianza kufunga vigunduzi vya mionzi bandarini na mipakani, navyo vilihitaji gesi hiyo hiyo. Kufikia mwaka 2009 ilikuwa dhahiri kuwa akiba inakwisha, serikali ikaanza kuigawa kwa kibali, na bei ikaruka mara nyingi. Maabara zilizokuwa na sumaku za mamilioni ya dola, na wataalamu waliosomea kazi hiyo, zikakosa kitu cha kujaza kwenye mfuko wa gesi.

Watafiti walihamia zenoni-129, ambayo hutolewa kwenye hewa ya kawaida kwa mitambo ya kutenganisha gesi. Desemba 2022 Marekani iliidhinisha zenoni ya kampuni ya Polarean kwa picha za mapafu ya wagonjwa. Msomaji wa Dar es Salaam hahitaji kuelezwa kuwa gesi ni biashara: kampuni ya kwanza kuorodheshwa katika soko la hisa la jiji hilo, Aprili 1998, ilikuwa TOL, mtengenezaji wa oksijeni. Wanaonunua mashine, hata hivyo, mara nyingi hawaulizi malighafi yake inatoka wapi na nani mwingine anaitaka.

PICHA NZURI, HISA MBAYA

Sasa upande wa pili, ule wa mtu anayenunua hisa za dawa kwa sababu ya picha za panya. Mwaka 2017 watafiti wa Heidelberg, Ujerumani, walichapisha matokeo ya panya waliopigwa mionzi kifuani mpaka mapafu yao yakaota makovu. Baadhi yao walipewa pamrevlumab, dawa ya kampuni ya FibroGen ya Marekani. Picha za CT zilionyesha weupe unaotokana na makovu umepungua kwa waliotibiwa. Majaribio ya kati kwa wagonjwa nayo yalitia moyo. Kwa macho ya mwekezaji kila kitu kilikuwa kinakwenda ngazi kwa ngazi.

Juni 2023 FibroGen ilitangaza matokeo ya jaribio kubwa la wagonjwa 356 wenye makovu ya mapafu yasiyojulikana chanzo. Baada ya wiki 48 pumzi za waliopewa dawa hazikuwa zimelindwa kwa tofauti ya kutosha na za waliopewa dawa bandia. Hisa zilipoteza zaidi ya robo tatu ya thamani yake kwa siku moja. Aliyekuwa na Dola 1,000 asubuhi hakuwa na Dola 250 jioni.

Hakuna aliyeghushi picha. CT ya Heidelberg ilisema kweli kuhusu panya wa Heidelberg. Tatizo ni kwamba kovu la panya na kovu la mzee wa miaka 70 si kitu kimoja. Katika njia inayotumika zaidi, panya huwekewa dawa ya bleomisini kwenye mapafu. Makovu huonekana wazi baada ya wiki mbili hadi tatu, lakini kwa panya vijana sehemu yake huanza kupona yenyewe. Mgonjwa haponi yeye mwenyewe. Dawa ikianza kutolewa siku za mwanzo, wakati pafu bado limevimba na kovu halijakomaa, inaweza kuwa imezuia uvimbe tu na ikapewa sifa za kuponya kovu.

Kwa hiyo anayesoma tangazo la picha za panya atafute tarehe ya dozi ya kwanza. Kama dawa ilianza kabla ya picha ya kwanza kuonyesha kovu, habari hiyo ina uzito mdogo. Kama kila panya alipigwa picha, kovu likathibitishwa, ndipo wakagawanywa kwa kura wa kutibiwa na wa kutotibiwa, habari ina uzito zaidi, na hapo ndipo mashine inalipa fedha zake. Atafute pia kama panya wasiotibiwa walipona wenyewe, jambo ambalo tangazo zuri litalionyesha kwa mstari wake kwenye grafu, na tangazo baya litaliruka.

HALI YA SOKO

Mwaka 2025 haukuwa mzuri kwa wauzaji wa mashine hizi nchini Marekani. Februari NIH ilitangaza kuwa malipo ya ziada yanayopewa vyuo kwa ajili ya majengo, umeme na utawala yasizidi asilimia 15 ya ruzuku. Mahakama ilizuia hatua hiyo, lakini vyuo vingi vilishika mkono kwanza na kuahirisha manunuzi. Bruker ilipunguza makisio yake ya mwaka huo ikitaja udhaifu wa soko la vyuo vya Marekani. Aprili mwaka huo huo, mamlaka ya dawa ya nchi hiyo, FDA, ilitangaza mpango wa kupunguza hatua kwa hatua sharti la majaribio ya wanyama kwa baadhi ya dawa, kuanzia zile za kingamwili, na NIH nayo ikatangaza nia ya kupunguza wanyama katika utafiti inaoulipia. Tangu sheria ya Desemba 2022 majaribio ya wanyama hayakuwa tena sharti la lazima la kisheria kabla dawa haijajaribiwa kwa binadamu.

Hatua hizo hazimaanishi kuwa panya wataondoka maabara kesho. Pafu ni kiungo kinachopumua, kina damu inayozunguka, na kimeunganishwa na moyo. Kipande cha seli kwenye sahani hakijaweza kuiga hayo yote. Inawezekana hata idadi ya panya ikapungua huku kila mmoja akipigwa picha mara nyingi zaidi, na hapo mwenye mashine hatadhurika. Lakini anayelipa bei ya juu kwa hisa za kampuni hizi akitegemea mauzo ya mashine mpya yaongezeke kila mwaka amejitwika hatari ya sera pamoja na hatari ya soko, na kwa mwekezaji wa Afrika Mashariki kuna ya tatu, ya shilingi dhidi ya dola, kwa kuwa hakuna hata moja ya hisa hizi inayouzwa Dar es Salaam au Nairobi.

Katika taarifa ya mapato ya Bruker, mauzo ya bidhaa na mapato ya huduma huandikwa katika mistari miwili tofauti. Mstari wa kwanza huyumba pale wanunuzi wanaposubiri ruzuku. Wa pili hutokana kwa sehemu kubwa na mikataba ya matengenezo ya mashine zilizokwisha kuuzwa, ambazo zipo maabara, zinachakaa, na zinahitaji fundi. Mistari hiyo inapaswa kusomwa kwa robo mwaka nane mfululizo kabla ya kumpigia simu dalali.